Vidole Vinne

Agron hakuja na futi, alikuja na uzi.
Akaupima kwenye upana wa injini, akafunga fundo,
akapanda nao ngazi hadi mlangoni,
akanionyesha: fundo limepita kizingiti
kwa kidole gumba kizima.
Akacheka. Mpwawe Ylli hakucheka.
Nikaelewa bila kuambiwa
kwamba baba aliweka injini kwanza,
ndipo akajenga sitaha juu yake,
kama mtu aliyeingiza ng'ombe
kisha akakata mlango wa kuku.

Hapa gatini Preveza sote ni wageni.
Wao wametoka Vlora na masanduku ya spana,
mimi nimeshuka kutoka Norwei na mashua ya marehemu.
Lugha yao siijui, yangu hawaijui,
na Kigiriki tulichoazima kwa pamoja
ni neno moja, siga, yaani taratibu;
tunapokezana neno hilo kama nyundo.
Siga, nyaya.
Siga, bomba la mafuta.
Siga, boliti ya tatu, iliyooana na kutu
na sasa haitaki talaka.

Ylli akaingia ngamani kichwa mbele,
nje zikabaki soli za viatu vyake.
Kila alichokitoa gizani nilikipanga juu ya gazeti,
nikakiandika namba kwa chaki:
pampu, chujio, kipande cha mpira kilichogeuka lami.
Namba za nini, sijui.
Hakuna kitakachorudi.

Siku ya pili wakalivua gurudumu zito la mbele,
fundo la uzi likapita.
Agron akaifanya boriti ya tanga kuwa kreni,
makapi mawili, mnyororo, tambara la kuzuia mkwaruzo,
halafu akaiwekea injini kiganja,
akangoja,
kama anayesikiliza mnyama kabla ya kumfungua.

Nami nikaisikia. Si leo, zamani:
tuku, tuku, kimya, tuku.
Baba akiingia hori kutoka kuvua chewa,
mama katika kile kimya
akitia viazi kwenye maji.
Miaka yote silinda ile moja iliruka pigo,
na baba hakuitengeneza. Alisema
ndivyo inavyovuta pumzi.

Siga.
Ikapanda. Nyekundu upande aliopaka yeye,
nyeusi upande asioufikia.
Ikaning'inia mlangoni, ikanidondoshea mafuta
juu ya kiatu cha kushoto, ikapita,
ikatua kwenye mkokoteni, na magurudumu
yakalia kwa niaba yetu sote.

Tezi ikainuka.
Agron akalala kifudifudi gatini, akapima: vidole vinne.
Chini ya mstari wa rangi ukatokea utepe wa kijani,
mwani na chaza wadogo waliofumba
kama watu walioamshwa kwa taa.

Aliniomba injini. Akaonyesha mashariki, akaigiza
mti, mti, mti, halafu maji yakipanda:
shamba la kaka yake, nadhani.
Nikakubali. Kesho yake akaniletea zeituni
ndani ya kopo la rangi, safi, lakini la rangi.

Kwenda tezi na omo, na marejeo
yakawa pale pale, ngamani.
Ylli alikuwa anachota tope la mwisho
alipotoka na spana, namba kumi na saba.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alisema
nimeiangusha baharini. Siku tatu hakunisemesha.
Amekufa Machi akiamini hivyo,
au amesahau; sijui lipi linauma zaidi.

Ylli akaifuta kwenye suruali, akaijaribu
kwenye nati za miguu ya injini: kubwa mno.
Kwenye za shafti: ndogo.
Akazunguka mashua nzima nayo,
nati kwa nati, kijana mvumilivu,
akarudi akitikisa kichwa, akanikabidhi.

Mpaka leo sijui
baba alikuwa anafungua nini.